Kwikwi ya Kitopeni

Mwaka ule kijiji kizima cha Kitopeni kilishikwa na kwikwi, mpaka bwana harusi akashindwa kutamka "Nimekubali." Tabibu Sengondo akafika na mtungi wa dawa mpya, akimswaga ng'ombe aliyelipwa huko alikotoka. Bei ya dawa ilikuwa mbuzi mmoja kwa kijiko.

"Mbuzi mzima?" akauliza Bi Mashavu, muuza maandazi. "Kwi! Si mizizi tu hiyo?"

"Mizizi ni bure, bibi. Mnalipia miaka saba niliyochemsha na kukosea."

"Haya. Lakini kwetu mganga hulipwa mgonjwa akishapona. Na asipopona?"

Sengondo aliijua dawa yake, akacheka. "Asipopona hata mmoja wenu, ng'ombe huyu mtamla."

Wakanywa. Alasiri Sengondo akarudi na kamba arobaini za kufungia mbuzi.

"Mwaonaje hali?"

"Kwi!" akajibu Bi Mashavu.

"Kwi!" akajibu bwana harusi, na kijiji kizima kikaitikia, "Kwi! Kwi!"

Tabibu akamfungua ng'ombe. "Jamani, msinitangaze vijiji vya jirani."

"Tutatangazaje, kwi, na midomo imejaa nyama?" akasema Bi Mashavu, akipokea kamba ya ng'ombe.

Njiani, kwa uchungu, Sengondo naye akashikwa na kwikwi. Akalamba tone lililobaki mtungini. Kwikwi ikakatika papo hapo.

Akasimama, akatega sikio. Kule Kitopeni bwana harusi alitamka kwa sauti kubwa, bila kukwama, "Nimekubali!" Vigelegele vikapasuka.