Dua ya Madawati

Wakfu wa familia ya Alhaji Mbaruku uligawa madawati yale yale kila shule: watoto walikalishwa, wakapigwa picha, kisha lori likayabeba kwenda shule nyingine. Zamu ya shule ya Mwalimu Mshamu ilipofika, aliomba jambo moja tu.

"Alhaji, kabla ya picha tumwombee marehemu mama yako."

"Dua tena? Kamera ziwe tayari!"

Mshamu akainua mikono. "Ewe Mola, madawati haya ni sadaka ya Bi Hadia. Kila mtoto atakayeyakalia, thawabu zimfikie mama huyu kaburini."

"Amin!" Alhaji akanguruma, machozi yakimlengalenga.

Picha zilipokwisha, wapagazi wakashika dawati la kwanza.

"Bebeni tu," Mshamu akasema, wazazi wote wakisikiliza. "Ila dua ya kumnyang'anya marehemu sadaka yake mimi siijui. Labda Alhaji atuongoze."

Lori likaondoka tupu.