Kioo cha Inchi Thelathini na Mbili

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti, na tafadhali msiniulize ni wa mtaa gani, maana nawajua. Nikitaja mtaa tu, nusu yenu mtaacha kusikiliza mfano mtaanza kumtafuta mtu. Ni fundi. Mikono yake ina makovu ya cheche na karakana yake iko kando ya barabara. Inatosha.

Fundi huyu alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Wazazi wao walitangulia mapema, kwa hiyo kaka mtu ndiye aliyemsomesha mdogo mtu, geti kwa geti, mpaka akapata cheti. Walipokuwa watoto palikuwa na kibanda cha gemu karibu na soko. Unatoa sarafu yako, mnakaa wawili kwenye benchi, mnacheza mpira wa kwenye televisheni. Mdogo mtu alikuwa akimfunga kaka yake mpaka watu wanaona huruma. Sita bila. Saba bila. Kaka anakunja uso, anabamiza padi ya kuchezea chini, mwenye kibanda anawatimua wote wawili, nao wanaenda nyumbani wakicheka. Naona na nyinyi mnacheka. Chekeni sasa hivi, wapendwa, maana huko mbele sina cha kuwachekesha.

Mwaka mmoja mdogo mtu akaanza kugonga miimo ya milango kwa bega. Akaenda hospitali, wakampima, wakamwambia ni presho ya macho, na imechelewa kugundulika. Kwake giza lilikuwa limeanzia pembeni na lilikuwa likiingia kati polepole. Matone ya dawa yangepunguza mwendo wake, ila kilichokwisha kwenda hakirudi. Daktari hakumpa tarehe. Alimwambia tu, "Mwalimu, kama una cha kuangalia, kiangalie sasa."

Akatoka pale moja kwa moja hadi karakana. Akakaa juu ya rundo la vyuma.

"Kaka, nina ombi."

"Sema, mdogo wangu. Hata figo nitatoa."

"Figo kaa nayo. Nataka tucheze mpira, kama kule kibandani. Nikufunge mara ya mwisho, nikuone unavyokunja uso."

Kaka mtu alicheka, halafu akalia, akajifuta kwa kitambaa chenye grisi mpaka uso ukawa mweusi. Akasema, "Siyo kibandani. Nitakutengenezea kompyuta ya gemu, yako, nyumbani kwako."

Sasa, fundi huyu hakuwa tajiri. Alikuwa na akiba ya mageti mawili, basi. Lakini alikuwa amesikia mitandaoni kwamba ukichagua vipande mwenyewe, kimoja kimoja, ukaviunga, unapata mashine yenye nguvu kwa nusu ya bei ya dukani. Na ni kweli, sibishani naye. Akaenda kwenye duka la vipuri vya kompyuta. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye bisibisi sikioni, kama vile seremala anavyoweka penseli.

"Ya kuchezea nini, bosi?"

"Mpira."

"Na nani?"

"Na mdogo wangu. Macho yake yanaondoka."

Yule dada akaichomoa bisibisi sikioni. Akainama chini ya kaunta, akatoa ubao wa kuungia vipande, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa mashine, kadi ya picha isiyo na makuu, na kasha lililokwaruzika. Mwisho akaweka kioo kidogo cha kompyuta, kile cha kukaa mezani hata sahani zikabaki na nafasi. Akasema, "Hivi ni vya mtumba, ila nimevipima kwa mkono wangu. Bei yake umeiweza na chenji inabaki. Naviunga hapa hapa ukinywa soda. Jioni mnacheza."

Jioni mnacheza! Wapendwa, mngekuwa nyinyi mngefanya nini?

Yeye aliguna. "Mtumba? Mdogo wangu nimemlea kwa jasho langu, leo macho yanazima, nimpe mabaki ya watu?"

Lisikilizeni vizuri neno hilo. Si zuri? Mimi mwenyewe ningelipigia makofi. Lina sura ya upendo, lina sauti ya upendo, na ndilo lililowamaliza.

Akaondoka mikono mitupu, na orodha ya vipande vipya mfukoni. Akanunua prosesa mpya. Baada ya wiki tatu iliyo kubwa zaidi ikashuka bei, basi ile ya kwanza akaiuza kwa hasara akachukua kubwa. Kubwa haikukaa kwenye ubao alionao, maana miguu yake ya kuchomekea ni tofauti, ikabidi abadili ubao. Ubao mpya ukakataa ramu za zamani, vile vipande vya kumbukumbu, akabadili na ramu. Kila alipopandisha kimoja, viwili vilimshuka. Huku nyuma anachomelea mageti ya watu usiku na mchana apate pesa ya kipande kinachofuata.

Na nitawaambia siri yake, ambayo mdogo mtu hakuijua. Alikuwa ameanza kuipenda ile kazi ya kuchagua. Vijana walimfuata karakana kumuuliza: fundi, nichukue hii au ile? Naye anazima mashine ya kuchomelea, anavua miwani, anawahutubia nusu saa. Maisha yake yote aliitwa fundi geti. Sasa watu walimwita mtaalamu. Nani kati yetu asingelewa sifa hizo?

Yule dada wa duka alimwambia, "Bosi, mchagua nazi hupata koroma. Unga hivi hivi ulivyonavyo, chezeni, ukipata hela utaongeza. Hiki kitu huwa kinaongezwa."

"Nikiunga nusunusu nitajisikia vibaya."

Mmesikia? Nitajisikia. Nani anajisikia? Mwenye macho yanayozima yuko nyumbani, wala hajaulizwa anajisikiaje!

Mdogo mtu aliacha kuendesha pikipiki. Miezi mitatu baadaye akaacha kufundisha, kwa sababu alikuwa anaandika ubaoni juu ya maandishi yake mwenyewe na wanafunzi wanaona haya kumwambia. Mvua za vuli zilipofika, alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe, akisikia inadondoka sakafuni ndipo anajua. Kila alipopata mtu wa kumshika mkono, alikuja karakana.

"Kaka, imefikia wapi?"

"Bado kadi ya picha. Kuna moja naivizia."

"Kaka, sisi tunacheza mpira. Haturushi roketi."

"Vumilia, mdogo wangu. Nakuandalia kitu."

Ikabaki kioo. Na kwa kuwa macho ya mdogo mtu yamepungua, kaka mtu aliona, kwa akili yake ya fundi, kwamba dawa ya macho madogo ni kioo kikubwa. Inchi thelathini na mbili. Akampigia simu kumpa habari njema.

Mdogo mtu akasema taratibu, maana ni mwalimu, amezoea kueleza. "Kaka, mimi naona kama nachungulia kwenye tundu la kitasa. Kitu kikubwa hakienei humo. Kwenye hicho chako nitaona goli, mpira sitajua uko wapi. Kidogo, kikikaa mbali kidogo, ndicho ninachokiona chote. Tafuta kidogo."

Unajua kaka mtu alimjibu nini? Alimjibu, "Wewe subiri ukione."

Subiri ukione. Mtu mwenye mdogo wake, aliyemlea, aliyemsomesha, anamwambia hivyo!

Kioo kidogo kilikuwepo dukani wiki ile ile, cha bei ya geti la banda la kuku. Yeye akachomelea miezi minne mingine apate kile kikubwa.

Siku ya kuunga ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa kaka mtu ili waijaribu kwanza, jua kali, madirisha wazi. Alikwenda mwenyewe kumchukua mdogo wake, akamshika mkono njia nzima, akamwongoza mpaka kitini, akampa padi mkononi. Vidole vya mdogo mtu vikazitambua zile batani palepale. Akatabasamu. Kaka mtu akabonyeza kitufe, feni zikaanza kuzunguka, taa ndani ya kasha zikawaka bluu, nyekundu, kijani. Kioo kikajaa ukuta. Ilikuwa mashine nzuri, jamani. Sijui kama mji ule ulikuwa na nyingine.

"Imewaka?" mdogo mtu akauliza.

Akauliza, wapendwa. Alikuwa ameielekea.

Kaka mtu alimtazama. Akapitisha mkono mbele ya uso wa mdogo wake, mara moja, mara mbili. Macho hayakuufuata.

"Tangu lini?"

"Kama wiki tatu. Sikutaka kukuvunja moyo, ulikuwa umebakiza kioo tu." Halafu akanyoosha kiganja mbele, akausikia upepo wa feni. "Inapumua vizuri. Nisomee, inasema nini?"

Mnajua kompyuta mpya ikiwashwa mara ya kwanza huwa na maswali yake, kwa Kizungu. Swali la kwanza lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko ngumi: Nani atatumia kompyuta hii? Chini yake pana nafasi tupu ya kuandika jina.

"Nisomee, kaka."

Kaka mtu alilisoma lile swali kimoyomoyo mpaka kwenye ile nafasi tupu. Uso ukamkunjika, ule ule wa kibandani, uso ambao mtu mmoja duniani aliomba auone kabla hajafunga macho. Ulikunjika mbele yake, hatua moja, na hakuuona.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri nimponye. Mnataka niseme wakaenda kwa daktari mwingine, au usiku ule malaika akapita. Simponyi. Mashine ile iko sebuleni pale pale mpaka leo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake wameweka redio. Redio ndiyo inayotumika.

Na msinijibu kwa chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Methali hiyo mnaiimba tangu darasa la pili na bado mnachelewa, mimi nikiwemo. Tuseme ukweli. Sisi hatuchelewi kwa kukosa upendo. Tunachelewa huku tunaupamba. Mama yuko kijijini anataka akuone, wewe unasubiri upate gari la heshima. Umemkosea ndugu yako, neno moja la samahani lingetosha, wewe unaandaa kikao na mbuzi. Mgonjwa anataka ukae naye robo saa, wewe unakusanya mchango wa maana. Halafu tunajaza makaburi mashada ya bei mbaya! Aliomba kidogo. Alikwambia kwa mdomo wake kwamba kidogo ndicho anachokiona chote. Ukamwambia subiri.

Kuna waliokaa humu ambao kwao imeshapita. Nawaona mmeinamisha vichwa. Sina dawa ya kuwapa leo, na sitawadanganya kwamba ninayo. Nitakuja kukaa nanyi, basi.

Lakini wewe ambaye wako bado anaona, hicho unachomwandalia, ukimaliza, nani atakitumia? Leo hakuna matangazo, wala wimbo wa kufunga. Milango iko wazi. Nenda na hicho kidogo ulichonacho mfukoni, uondoke sasa hivi, hata mimi nikiwa bado nimesimama hapa.