Dawa Iliyoutia Ulimi Ganzi

Sogeeni, lakini asinimwagie mtu mchele wangu. Nitauchambua huku nasimulia, mikono ina kazi yake na mdomo una yake. Na wewe Mwanakheri, mwache huyo paka, hadithi ya leo ina wanyama wa kutosha.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, funguo na wakwe, aliishi Bwana Tembo. Aliishi bara, mbali na pwani kwa mwendo wa siku nne. Akipiga chafya, vikombe vinahama kabatini. Huyo bwana hakumwogopa yeyote isipokuwa mama mkwe wake, tembo mzee wa pwani mwenye sauti ndogo. Na wenye sauti ndogo ndio wa kuogopwa, mtakuja kuniambia.

Siku Tembo alipooa, mama mkwe hakumpa kitanda wala godoro. Alimpa tangi kubwa la kioo lililojaa maji ya bahari, na ndani yake samaki sita wa miambani.

"Mwanangu anataka matunzo ya kila siku," alimwambia. "Anza na hawa. Ukiwaweza, nitajua umeweza."

Tangi likawekwa sebuleni karibu na dirisha. Mmoja wa wale sita alikuwa Kitatange. Wanangu, sijui niwaeleze vipi. Mwilini mwake michirizi ya buluu ilizungukana na michirizi ya manjano, na jua la dirishani likimpiga, rangi zinatoka kwenye maji na kutembea ukutani.

Katika nyumba hiyo mpishi alikuwa Kindi. Alikuwa mdogo hata akipika inambidi asimame juu ya kinu kilichopinduliwa ndipo aifikie sufuria. Hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Siku ya kwanza alipoingia sebuleni na sinia la chai, akamwona Kitatange, akasimama palepale mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo kila akimaliza kazi alikwenda kuzungumza naye.

"Kitatange, bahari ina ukubwa gani?"

"Haina ukuta."

"Haina ukuta? Sasa maji yake anayazuia nani?"

"Hayazuiwi na mtu. Yanakuja, yanaondoka, yanarudi."

Kindi alikaa akiliwaza jambo hilo mpaka maharage yakaungua jikoni. Akagombezwa, na hakusikia hata neno moja.

Sasa, sheria ya tangi ilikuwa moja. Kila asubuhi maji yalikutwa yamepungua kidogo, upana wa kidole. Tembo mwenyewe ndiye aliyeyajaza. Alikuwa na mapipa ya maji ya bahari yaliyoletwa na punda kutoka pwani. Anavuta kwa mkonga, fyuuu, anamimina, bwaaa, mpaka yafike palepale kwenye alama.

"Samaki wa bahari, maji ya bahari," alijigamba. "Atakayewatilia maji ya kunywa, ya kisima au ya mvua, nitamkanyaga."

Na aliposema nitamkanyaga, alikuwa anamtazama Kindi.

Miezi ikapita, jua likipiga dirishani. Polepole Kitatange akaanza kuugua. Rangi zikapauka. Mapezi yakamganda ubavuni, na mashavu yakawa yanapanda na kushuka upesi upesi. Wenzake watano wakalala chini kwenye mchanga.

Jumatatu ikaja barua: mama mkwe atafika Ijumaa.

Tembo akamwita Daktari Kiboko. Daktari akaingia, na mlango ukaumia.

"Mambo ya maji ni mimi," alisema Kiboko. "Nimezaliwa majini, nalala majini, nakula majini."

"Lakini ni maji ya mto, Daktari," alisema Kindi kutoka chini.

"Maji ni maji. Wewe kamenye vitunguu." Akalisogelea tangi, akakohoa kidaktari. "Samaki hawa wana hamu ya bahari. Wape chumvi. Konzi mbili asubuhi, konzi mbili jioni. Konzi zako wewe, Bwana Tembo, si za mpishi."

Chumvi ikatiwa. Kufikia Jumanne jioni Kitatange alikuwa amelala ubavu.

Tembo akaja jikoni, masikio yamelegea. "Kindi, wasipopona kufikia Alhamisi jioni, uwakaange. Mama akija awakute mezani, nitasema tumemkirimu mgeni. Ni afadhali kuliko awakute wanaelea."

"Utamkaanga Kitatange, bwana?"

"Unataka niaibike ukweni?"

Msimchukie. Hakuwa mbaya, alikuwa na hofu, na aibu ya ukweni ni nzito, hata tembo haibebi.

Kindi alikimbilia sebuleni, akapanda juu ya kifuniko cha tangi, akalia. Sitawaficha, alilia sana.

"Kindi," Kitatange alisema kwa shida. "Nina kiu."

"Kiu? Si umo ndani ya maji?"

"Nakunywa, nakunywa, na kiu haiishi."

Kindi akainamia kioo. Akatazama. Pembeni mwa kioo, pale maji yanapoishia, palikuwa na ukoko mweupe. Akaulamba. Chumvi. Chini ya kifuniko palining'inia matone ya maji. Akalamba tone moja. Akalamba la pili. Halikuwa na chumvi hata chembe.

Haya, Kindi alikuwa mpishi. Na mpishi yeyote, hata wewe Mwanakheri ukianza kupika mwakani, utaliona: mchuzi ukisahauliwa motoni, maji yanakwenda zake, chumvi inabaki. Uliokuwa mtamu saa tatu, saa tano haulambiki.

"Maji yanapanda," alinong'ona. "Chumvi haipandi. Tangi hili ni sufuria, na jua ndilo jiko. Kila siku maji matupu yanatoka, naye anarudishia yenye chumvi. Chumvi juu ya chumvi, na daktari kaongeza yake."

Kisha akatazama nje ya dirisha, akaona mawingu yamejaa juu ya vilima. Manyoya ya mkia wake yote yakasimama.

"Kitatange," alisema. "Ile bahari yako isiyo na ukuta, mbona inapita juu ya paa letu kila mwaka? Inakuja, inaondoka, inarudi. Imeacha chumvi yake nyumbani tu."

Wakakaa wote wawili, mgonjwa na mpishi, wakiangalia mawingu.

Lakini nani atamwambia Tembo? Mpishi amsahihishe daktari? Angekanyagwa kabla hajafika kwenye neno mchuzi. Kindi akakuna shingo, akakuna sikio. Halafu akacheka.

Jumatano asubuhi akaingia sebuleni na kibuyu kilichozibwa kwa kitambaa. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, anatembea kwa ncha za vidole, anahema kidogo kidogo. Tembo alikuwapo, na Daktari Kiboko alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa.

"Nini hicho?" Tembo akauliza.

"Tafadhali, bwana, usisogee. Ni dawa ya bibi yangu. Ni kali kupita kiasi. Mtu akiionja, ulimi unakufa ganzi papo hapo. Hasikii utamu, hasikii uchungu, hasikii chumvi."

Wakubwa wanapenda dawa kali, nyie. Tembo akatumbukiza ncha ya mkonga, akaonja. Akasubiri. Akaonja tena.

"Mbona sisikii kitu?"

"Pole, bwana. Ndiyo imeshaingia."

Tembo akashtuka, akajipapasa ulimi kwa mkonga. "Daktari, sisikii kitu kabisa."

"Nipe," alisema Kiboko. Akafumbua lile domo lake na kunywa, gubugubu. Akasimama. Macho yakamzunguka. Alijua vizuri alichokinywa, anakinywa kila siku. Lakini Bwana Tembo ameshakufa ganzi, yeye daktari aseme ni maji?

"Naam," alisema polepole, akiuburuta ulimi. "Hii naijua. Ganzi mpaka shingoni."

Kindi aliuma mkia wake asicheke.

"Ina masharti," alisema alipopata pumzi. "Kila kibuyu kinachoingia, kibuyu kimoja cha maji ya tangi kitoke, ugonjwa upate mlango. Na haitaki kuchanganywa na chumvi mpya, ina wivu. Vibuyu kumi asubuhi, kumi jioni, basi."

"Leta pipa zima, nimimine mara moja."

"Ukimimina mara moja, bwana, watakufa ganzi mwili mzima. Wewe umeonja kidogo tu, umeona."

Tembo akajipapasa ulimi, akakubali. Na kwa mkonga wake mwenyewe, bwana yule aliyeapa kumkanyaga mtu, akawa anamimina maji ya mvua aliyoyakinga Kindi mtungini usiku. Mimina, chota. Mimina, chota. Jumatano yote, na Alhamisi yote.

Alhamisi jioni Kitatange alikuwa bado chini. Tembo akaja jikoni na kikaango ameking'ata.

"Weka mafuta."

Kindi akaweka. Mafuta yakaanza kulia, chaa, chaa.

"Bwana, nikuulize neno. Ganzi ya ulimi wako iliisha saa ngapi?"

"Mchana uleule. Nilikula ndizi, nikasikia utamu wake."

"Kumbe chakula ndicho kilichouzindua ulimi. Basi tuwajaribu kwa chakula na hawa. Asiyekula, nitamkaanga kwa mikono yangu."

Maneno yale yalimtoka, na moyo wake ukafanya puu. Maana hakujua. Mchuzi alikuwa anaujua, lakini samaki mgonjwa hakuwahi kumponya.

Wakaenda sebuleni. Kindi akapanda juu, akatupia punje chache za uduvi. Uduvi ukashuka polepole kwenye maji, ukashuka, ukashuka. Hakuna aliyetikisika. Tembo akainua mkonga wake juu ya tangi, akauingiza majini amtoe Kitatange.

Pezi moja likafunguka.

Kisha la pili. Kitatange akainuka mchangani, akayumba, akasimama sawa. Akaufuata uduvi, tap. Akafuata mwingine, tap. Wenzake wakaamka mmoja mmoja, tap, tap, tap. Kitatange akapanda mpaka juu, jua la jioni likampata, na zile rangi zikatoka tena majini. Zilikwenda ukutani, zikapita kwenye dari, zikaja zikatulia juu ya paji la uso la Tembo.

Tembo akapiga magoti. Sakafu ikatikisika. Jikoni mafuta yaliungua mpaka moshi ukajaa ukumbini, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Wamerudi," alisema mwishowe, na machozi yalikuwa yanamtiririka mkongani.

"Kindi," Kitatange aliita, "kiu imekwisha."

Ijumaa mama mkwe akafika. Hakukaa, hakunywa chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akahesabu: sita. Akamtazama Kitatange kwa muda mrefu.

"Niliambiwa njiani kwamba wanaugua. Mmewapa nini?"

"Dawa kali, mama," alisema Tembo kwa fahari. "Ulimi unakufa ganzi."

"Mpaka shingoni," aliongeza Daktari Kiboko, aliyekuja kusifiwa.

"Hebu."

Akapewa kibuyu. Akaonja kidogo. Akamtazama mkwe wake, akamtazama daktari, kisha akainama mpaka chini kabisa, akamtazama Kindi.

"Haya ni maji ya mvua," alisema kwa sauti yake ndogo.

Masikio ya Tembo yakasimama. Mguu wake mmoja ukainuka, na kivuli chake kikamfunika Kindi mzima.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya, bwana," alisema Kindi. Hakukimbia. "Ningekwambia ni maji ya mvua, ungeyamimina?"

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe, "ushushe mguu kwanza, ndipo ujibu."

Mguu ukashuka polepole, pembeni.

"Nisingeyamimina," alisema Tembo. "Ningemkanyaga, halafu ningewakaanga."

Basi Kindi akafunua kifuniko cha tangi. Akampa Tembo alambe ule ukoko mweupe, kisha akampa alambe tone. Akamweleza habari ya mchuzi, na habari ya mawingu. Tembo alisikiliza, akatazama tangi, akatazama nje kwenye vilima, akatazama tangi tena. Mkubwa vile, mdomo wazi.

"Ina maana ulimi wangu," aliuliza, "haukufa ganzi?"

"Hata kidogo, bwana. Ulimi wako ulikwambia kweli tangu siku ile. Wewe ndiye uliyeukana."

Tembo akageuka kumtafuta Daktari Kiboko, akakuta mlango umevunjika na daktari hayupo. Tangu siku hiyo, aliyejaza tangi kila asubuhi ni Kindi, kwa maji ya mvua, mpaka kwenye alama.

Mimi nimemaliza, na mchele wangu haujaisha, haya, nani ananisaidia? Lakini kabla hamjatawanyika, hili mwende nalo: anayeona haya kusema alichokionja, atanyweshwa chochote.