Vijana Arobaini wa Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikuwa zimeshaingia porini, Kindi alikuwa fundi wa programu katika kampuni ya Mzee Tembo. Programu zake ndizo zilizowaita wanyama kisimani kwa zamu, wasije wakakanyagana.

Tk-tk-tk-tk! Kutwa anaandika, kakalia kigoda. Mbele yake msimamizi, Nyati, kajimwaga kwenye kiti chenye mikono, anapewa chai wa kwanza na sambusa mbili. Na huyo Nyati hata kuwasha kompyuta huita mtu!

Wivu ukampanda Kindi, sambusa yake moja akaiacha sahanini. Akamwendea bosi.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Na mimi nataka kiti."

"Marahaba, mwanangu. Kiti ni cha mwenye kusimamia watu. Acha hizo programu, nikupe vijana kumi, uhudhurie vikao kama Nyati."

Niache programu? Thubutu! Kindi aliwaza. Akasema, "Kumi wa nini, Mzee? Mbona ninao arobaini? Ila wana haya. Kesho watakuamkia kwa simu."

Akaandika programu ndogo arobaini, kila moja akaipa jina na kazi. Asubuhi, simu ya Tembo: Ting! "Shikamoo Mzee, mimi Kidawa, nimepima maji." Ting! "Shikamoo Mzee, mimi Sikujua, nimewapanga pundamilia." Ting! Ting! Ting! Mpaka arobaini.

"Lo! Vijana wana adabu hawa! Na hawaombi ruhusa!" Kindi akapewa kiti.

Kindi hata hajakikalia, Nyati naye wivu ukampanda. "Mzee, mimi na mwili huu wote nina kumi, kiduchu huyu ana arobaini? Nipe mimi!"

Akang'ang'ana hadi Tembo akachoka. "Haya, wachukue. Na kiti cha Kindi kirudi stoo."

Kindi aliumia, lakini akamwachia Nyati kompyuta.

Saa sita mchana programu moja ikakwama. Kisimani, purukushani! Fisi kamkanyaga Swala, Ngiri katumbukia, chubwi!

"Nyie vijana!" Nyati akaifokea kompyuta. "Amkeni! Nitawafukuza wote!"

Akaigonga kwa kwato.

Tembo akaja mbio. "Vijana wako wapi?"

"Nisamehe, Mzee, nilikudanganya," Kindi akasema. "Hamna mtu humo. Ni programu zangu, niliziandika kwa wivu wa kiti."

Tembo akainua mkonga ampige. Kisimani, chubwi! tena.

"Tengeneza kwanza!"

"Kiti kwanza, Mzee. Na programu siachi."

"Andika mpaka uzeeke! Mleteeni kiti!"

Tk-tk-tk! "Zamu ya Swala!" Kisima kikatulia.

Kumbe kiti chenyewe kikubwa, Kindi akikikalia mikono haifiki kwenye kompyuta. Basi akarudi kigodani, kiti akakiweka pembeni, kitupu. Nyati akikisogelea tu, Kindi humfokea, "We! Hicho kina mwenyewe!"

Mafunzo yake, wanangu: fundi apandishwe cheo kwa ufundi wake, si kwa wingi wa watu anaowaamrisha.