Siku ya Tope Nyati Alipokosa pa Kukanyaga

Paukwa!

Nani huyo anaitika kama anayekohoa? Haya, tena. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na bonde!

— Bonde la nani?

Enhee! Swali hilohilo ndilo lililowatoa watu roho. Tulieni basi, mnisikilize.

Hapo kale palikuwa na bonde, bonde la Lukindo. Chini kulikuwa na mto wenye matete, na humo alikaa Nyati. Juu kulikuwa na Jiwe, jiwe kubwa lenye nyufa, na humo alikaa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo wa mawe, kama sungura aliyenyimwa masikio. Na baina ya mto na Jiwe palikuwa na uwanda wa majani. Uwanda huo uliitwa Katikati.

Jamani, Katikati ya zamani! Bibi yangu aliyenisimulia, akifika hapa alikuwa anaacha kutafuna muwa wake. Mvua ikinyesha, majani yalinukia hata ukashikwa na njaa nawe umeshiba. Nyati alikula majani marefu, chwa! chwa! chwa! Bi Pimbi akaja nyuma yake akala machipukizi, nya-nya-nya. Watoto wa Bi Pimbi walipanda mgongoni kwa Nyati wakaota jua, naye akawabeba huku analalamika kwamba wanamtekenya. Hakuna aliyeuliza Katikati ni ya nani. Ungeuliza, wangedhani una homa. Mimi sikuziona siku hizo, lakini nazililia kama niliyeziona.

Basi. Bi Pimbi akazaa watatu. Hao watatu wakazaa, kila mmoja watatu. Na hao nao wakazaa, kila mmoja watatu. Kwa Nyati akazaliwa ndama mmoja, wakapumzika miaka miwili, akazaliwa mwingine.

Siku moja Nyati akainama kula, akakuta majani yameshaliwa. Akahema, fuuu!

"Bi Pimbi, mmekuwa wengi."

"Na wewe, Bwana Nyati, umekuwa mnene."

Maneno hayo tu. Kesho yake ndama akamkanyaga mtoto wa pimbi, pyaa! Keshokutwa pimbi wakamng'ata ndama pua, kwii! Tangu hapo ikawa mwaka nenda mwaka rudi, kwato na meno, meno na kwato, hata hakuna tena aliyekumbuka nani alianza. Kila upande ukawa na makaburi yake ya kuwaonyesha wapita njia.

Sasa, wanyama wa Lukindo walikuwa na desturi yao. Mvua ya kwanza ikilainisha tope la kivukoni, kila aliyelala bondeni hushuka akakanyaga mara moja tu, mguu mmoja tu. Kobe anahesabu. Wenye alama nyingi ndio wenye Katikati mwaka huo. Asiye na alama topeni si mkazi, anafungasha virago. Na ni mwiko kukanyaga juu ya alama ya mwenzako ukaifuta. Hiyo ndiyo Siku ya Tope.

Na desturi nyingine ilikuwa ya wageni. Mgeni hutangulizwa. Hula kwanza, hunywa kwanza, hukanyaga kwanza. Mwenyeji hufuata. Nyati alikuwa jeuri, lakini hata yeye asingethubutu kumtangulia mgeni wake. Angeziweka wapi pembe zake kwa aibu?

Mwaka ule Kobe akahesabu, akapotea, akaanza upya, akahesabu. Pimbi wakashinda.

"Uongo!" Nyati akanguruma. "Mguu wangu mmoja ni sawa na arobaini ya hawa!"

"Mguu ni mguu," akasema Kobe. "Usinipotezee hesabu."

Nyati akatuma salamu kwa binamu zake ng'ambo ya milima. Binamu wakaja, kwatu-kwatu-kwatu. Mwaka uliofuata Kobe akahesabu, akapotea, akaanza upya, akahesabu. Nyati wakashinda.

Nyati akasimama Katikati, kifua mbele. "Wengi ndio wenyewe! Na mwakani nikishinda tena, nalitaka na lile Jiwe."

"Jiwe?" Bi Pimbi akashangaa. "Kwani wewe unakula mawe?"

"Sili. Lakini nalitaka."

Bi Pimbi akapanda kwake, akaingia ufani, akalia. Katika ufa ule alizaliwa. Katika ufa ule alizaa. Mama yake alifia mle, kichwa kwenye mapaja yake. Na pimbi asiye na jiwe hamalizi siku mbili, tai anambeba. Akalia mpaka akachoka. Alipochoka kulia akaanza kufikiri, na alipomaliza kufikiri akawaita wajukuu zake, akawanong'oneza.

Asubuhi akamwita Nyati.

"Bwana Nyati, tumegombana miaka, lakini nakuonea huruma. Ndugu zangu wa milimani wanahamia kwangu. Hebu watazame."

Wajukuu wakatoka ufa wa mbele, fyu! fyu! fyu! Wakazunguka Jiwe, wakaingia ufa wa nyuma, wakatoka tena mbele, fyu! fyu! fyu! Pita, zunguka, rudi. Pita, zunguka, rudi.

Nyati akahesabu. "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne." Hesabu yake iliishia hapo, kwenye kwato zake mwenyewe. Jasho likamtoka. "Hawa hawaishi!"

"Na hao ni wa leo tu," akasema Bi Pimbi kwa upole. "Ningekuwa wewe ningeita ndugu. Wote."

Nyati akatuma salamu mashariki, akatuma salamu magharibi. "Njooni! Huku kuna majani!" Na huko majani yalikuwa yamekauka, basi ndugu wakaja. Wakaja na wake zao, wakaja na ndama wao, wakaja na wakwe zao. Kwatu-kwatu-kwatu, vumbi mpaka mbinguni.

"Karibuni wageni," akasema Nyati. Wageni wakala kwanza. Nyati alipofika Katikati akakuta mizizi.

"Karibuni wageni." Wageni wakanywa kwanza. Nyati alipofika mtoni akakuta matope.

"Mume wangu," mkewe akamuuliza, "hawa wataondoka lini?"

"Baada ya Siku ya Tope."

"Na yule binamu yako anayejenga uzio?"

Nyati akajifanya hajasikia. Mbavu zilianza kumtoka.

Siku ya Tope ikafika. Kobe akakaa mahali pake. Nyati akasimama kivukoni, akainamisha kichwa kama mwenyeji mwema.

"Karibuni wageni. Tangulieni."

Wa kwanza akakanyaga, kwatu! Wa pili akakanyaga, kwatu! Wakakanyaga wa mashariki, wakakanyaga wa magharibi, wakakanyaga wakwe, wakakanyaga ndama. Kwatu! Kwatu! Kwatu! Jua likapanda mpaka utosini. Mgeni wa mwisho akakanyaga pembeni kabisa, akatoka anapangusa mguu.

Nyati akainua mguu wake. Akautazama upande huu. Akautazama upande ule. Tope lote limejaa alama, ukingo hadi ukingo.

"Kobe! Nikanyage wapi?"

"Palipo wazi."

"Hapana palipo wazi!"

"Basi usikanyage. Na usimfute mtu."

Nyati akawageukia ndugu zake. "Binamu, mmoja wenu afute yake. Mimi ndiye niliyewaita."

Binamu wakatazamana. Mmoja akakohoa. "Tunasikitika sana, mwenyeji. Desturi ni desturi."

Hapo akateremka Bi Pimbi, na ukoo wake wote nyuma, maana mwaka ule wote walizaa, na waliozaliwa nao wakazaa. Akafika topeni, akaruka, tupu! Akatua ndani ya alama ya kwato, katikati kabisa, hakugusa ukingo. Mjukuu akaruka, tupu! Kando yake. Tupu! Tupu! Tupu! Kumi ndani ya kila kwato, na hakuna alama hata moja iliyofutika.

Kobe akahesabu, akapotea, akaanza upya, akapotea tena, akaanza upya. Mwishowe akainua shingo. "Pimbi wameshinda. Jiwe lao, na Katikati yao."

"Haidhuru," akasema yule binamu wa uzio. "Bado tuna ndugu wengine nyumbani. Mwakani tutawaita."

Bi Pimbi akayasikia. Akaenda Katikati aliyoishinda. Palikuwa pamekanyagwa pakawa peupe kama sakafu, hapana jani. Akarudi Jiweni kwake. Nyufa zilikuwa zimejaa wajukuu, wengine wamekaa nje juani, wanasukumana wakigombea kivuli. Akakaa nao nje.

Jioni Nyati akapita chini ya Jiwe, na mkewe na ndama wao wawili. Nyati mwembamba, hana hata vumbi la kutimua.

"Unakwenda wapi, jirani?" akauliza Bi Pimbi. Neno hilo lilikuwa halijamtoka kwa miaka mingi.

"Ng'ambo ya milima. Huko walikotoka binamu zangu. Nasikia pamebaki patupu."

"Patupu kabisa?"

"Kuna pimbi wawili tu, mke na mume. Wana jiwe lao."

Bi Pimbi akamtazama Nyati, akawatazama wale ndama. Machozi yakamlengalenga, wala hakuyaficha.

"Wasalimie sana," akasema. "Na mvua ikinyesha, msihesabiane."

Basi wanangu, funzo la ngano hii ni rahisi, hata Nyati angeliweza. Jirani akikubana, zaa. Akizidi kukubana, ita ndugu. Mkishajaa vizuri, hamtabanana tena.

Mbona mnanikodolea macho hivyo? Funzo nimepewa na bibi, nami nawapa. Sogea huko, Tunu, na wewe Shekue, mmenibana mpaka ukutani.

Ngano yangu imechoka miguu, imekaa. Tamu yake gawaneni sawasawa, chungu yake niachieni mimi.