Mtamba wa Lambo la Chilongani

Sogeeni hapa, wajukuu zangu, mnyamaze. Anayetafuna karanga atafune taratibu, sitaki kushindana na meno.

Hapo zamani, huko Ugogo, Mzee Chilongani alichimba lambo lake mwenyewe. Ng'ombe wakanywa, matofali yakafyatuliwa, kambale wakanenepa. Na kambale hao mzee aliwapenda kupita kiasi. Akauziba kwa mawe ule mfereji wa pembeni wa kupunguzia maji, ili wasimtoroke.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha siku tatu, haikupumzika. Jirani yake, Bi Mbeleje, akateremka chini ya tuta linalozuia maji ya lambo, kuiba matembele. Akaona maji yanayovuja pale, ambayo siku zote huwa meupe, yamekuwa kama chai ya maziwa.

Akamkimbilia mzee. "Shemeji, tuta lako linatoka udongo. Litakatika."

"Na wewe umefuata nini kwenye matembele yangu?"

"Utanitukana baadaye. Kimbia kwanza."

Mzee akakimbia huku akipaza sauti: "Atakayeliokoa lambo langu, mtamba wangu mwenye mimba ni wake."

Mkewe, Nyamwenda, akashika sululu akabomoa mawe ya mfereji. Maji yakatoka kwa kishindo, yakasomba shamba lake la karanga, la kwake mwenyewe, na kambale wakaenda zao.

Sogoti, mwinda nungunungu, akajitosa lamboni. Akalipapasa kwa mguu tundu lililokuwa likivujisha maji, akalishindilia ngozi na udongo wa mfinyanzi. Tuta likatulia.

Sasa mtamba.

Bi Mbeleje akasema, "Nisingeona mimi, mngeokoa nini?"

Nyamwenda akasema, "Nisingepunguza maji mimi, Sogoti angesombwa kama kibuyu kitupu. Na karanga zangu ndiyo hizo zimekwenda."

Sogoti akasema, "Karanga hazizibi tundu, mama. Mimi niliingia mle sijui kama nitatoka."

"Hebu," akauliza mzee, "mahali lilipo tundu ulipajuaje?"

Sogoti akakuna kichwa. "Nililichimba mimi, mzee, nikimfukuza nungunungu. Nikasahau kulifukia."

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Basi huyo atoke," akasema Bi Mbeleje.

"Atoke na mwizi wa matembele," akasema Sogoti. "Na mke apewe ng'ombe wa mumewe wa nini? Kwani si wake tayari?"

"Wangu?" akasema Nyamwenda. "Nimewahi kuuza hata mkia?"

Chilongani akafa hajaamua. Lambo wakalirithi binti zake, na mfereji hawakuuziba tena. Mkuki wa Sogoti akaurithi mwanawe, pamoja na amri ya kutokanyaga tuta. Mtamba hakurithiwa na mtu. Alizaa, wanawe wakazaa, na leo ni ng'ombe kumi na mmoja wasio na mwenyewe.

Haya, niambieni: aliyeona, aliyefungua, au aliyeziba? Je, nani alistahili?