Mhina na Mbuzi wa Shukrani

Mbuzi alikuwa wa shilingi elfu themanini, na Mhina alikuwa amekwisha kumfunga kamba. "Auzwe kwa ajili ya kupima damu?" akamfokea mkewe. "Figo langu bovu wamelitoa, saratani imekwenda nalo. Nimemwahidi Mungu sadaka, nitaitoa. Au wewe, Mama Chausiku, unataka nimdanganye Mungu?"

Mtu huyu alikuwa mchoma mkaa, mwenye maneno manyoofu na hasira za karibu. Majirani walioalikwa walikuwa wameshaanza kufika, wakisikia yote, masufuria ya kuazima yameshafika. Na hospitali nao wanataka apimwe damu tena, kipimo cha kulipia, ati waone kama mwili bado unapigana na kitu ndani. Kitu gani? Anakula, analala, kovu limefunga.

Semeni, mkewe, hakupandisha sauti. "Baba Chausiku, tangu lini ukafukua tanuri ambalo bado linafuka, ukaita watu waje na magunia?"

Mhina anajua kinachotokea. Juu udongo umepoa, ndani kaa moja liko hai. Ukifukua, upepo ukaingia, mkaa wote unakuwa majivu. Yeye mwenyewe hulizunguka tanuri akitafuta uzi wa moshi, akiuona anaziba kwa udongo, na hajawahi hata siku moja kuugombeza moshi. Akamfungua mbuzi, akampeleka mnadani.

Damu ikasema. Askari wa mwili walikuwa wamefurika, kama kwenye nyumba iliyovamiwa. Daktari hakumtajia siku ya kufa. Alimwambia tu kwamba wenye damu ya namna hiyo, mara nyingi ugonjwa huwarudia, na kwamba yeye hataachwa aende zake hivi hivi. Wakampiga picha, wakakuta uvimbe pafuni, ungali mdogo, wakaanza dawa. Mhina yuko hai. Anachoma mkaa mpaka leo, na kila apumuapo anashukuru.

Ndugu zangu, tanuri ni mwili, moshi ni habari iliyomo katika damu, na ule udongo uliopoa ni kovu tunalowaonyesha watu. Aliyetuambia tumepona tunamchinjia. Aliyetuambia bado, tunamnunia. Semeni alifokewa mbele ya wageni kwa sababu ya uhai wa mtu. Basi rudi nyumbani leo, umtafute aliyekuambia ukweli ukamkaripia, umpe asante yake.